Mbuni Aliyekataa Chuma

Sista wa taaluma hakuwa mtu wa kupiga hodi akangoja. Aligonga mlango mara moja, akaingia, akasimama mbele ya meza ya Mkuu wa Chuo huku vidole vyake vikiwa vyeupe kwa chaki, akasema kabla hajakaribishwa kiti:

"Padre, mbuni amekataa chuma tena leo."

Mkuu wa Chuo aliinua macho kutoka kwenye makaratasi ya paa la bweni, ambalo lilikuwa likivuja tangu masika yaliyopita.

"Mbuni gani, Sista?"

"Mbuni wa Mwalimu. Darasa langu na lake yametengwa na ukuta wa mbao tu. Kila alisemalo nalisikia kana kwamba ananisemea mimi sikioni. Wiki jana alimpa chuma, ndege akakataa. Juzi akampa, akakataa. Leo tena. Mimi sasa namwonea huruma yule ndege. Angekuwa na njaa ya kweli, angekwisha kukimeza chuma chenyewe ili tupumzike."

Padre alicheka, lakini kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa paa. Jambo alilokuwa akiletewa na Sista alilijua. Alikuwa amelijua kwa muda, naye alikuwa akilipita kando, kama mtu apitavyo kando ya nyumba yenye msiba ambao hajaenda kutoa pole.

Chuo hicho kilikuwa cha makatekista, watu wazima waliotoka vigangoni, wenye ndoa na watoto, wakija kusoma ili warudi kuwafundisha wenzao imani. Msimamizi wake mbinguni alikuwa Mtakatifu Alberto Mkuu, yule msomi wa kale aliyekuwa mtawa, mwalimu, na askofu. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu huyo ilipokaribia, Mwalimu alitoa somo moja juu ya maisha yake. Siku ya sikukuu yenyewe alisimama mbele ya Askofu na wageni, akalitoa tena kwa kifupi. Mwalimu ndiye aliyekuwa mzee kuliko walimu wote. Padre mwenyewe alifundishwa naye, wakati Padre alipokuwa kijana mwenye magoti yaliyochubuka na Mwalimu alipokuwa na nywele nyeusi.

"Somo la mtakatifu ni la siku moja," Sista aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imelegea. "Mwaka huu limekula mwezi. Wanafunzi hawajagusa somo la Sakramenti hata moja. Na Jumapili Askofu anakuja. Padre, mzee yule atasimama mbele ya ukumbi mzima. Akipotea njiani, watu watacheka, na wasipocheka watamhurumia. Sijui lipi litamuumiza zaidi."

"Nimesikia, Sista."

"Kusikia umesikia. Nakuuliza utafanya nini."

Padre alifunga makaratasi ya paa. "Kesho nitaingia darasani kwake," akasema. "Nitatazama kwanza."

Kesho yake asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi dawati la mwisho, lenye mguu uliokatika na kuegemezwa tofali. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya ubao katika koti lake la kijivu, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, na viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Ukimtazama hivyo ungeapa kwamba mtu huyu hajapungukiwa na chochote.

Darasa la Mwalimu lilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilikuwa ya shule za zamani. Mwalimu huuliza, darasa zima husimama na kujibu kwa sauti moja. Hakuna anayenyoosha mkono. Hakuna anayemkatiza mwalimu. Mwenye swali hulihifadhi mpaka mwalimu aweke chaki kisandukuni, maana chaki ikiwa bado mkononi, neno ni la mwalimu peke yake. Wageni walipoiona desturi hiyo walitabasamu. Lakini makatekista waliotoka katika darasa lile hawakusahau walilofundishwa hata walipozeeka.

"Alberto alizaliwa katika nyumba ya watu wakubwa," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ileile, kavu na safi. "Alipojiunga na watawa, wenzake walielewa masomo, yeye hakuelewa. Husimuliwa kwamba alikata tamaa, akaegemeza ngazi ukutani ili atoroke. Nani alimzuia?"

"Mama wa Mungu!" darasa likajibu likiwa wima.

"Alimpa nini?"

"Elimu!"

"Akamwonya nini?"

"Kwamba kabla ya kufa elimu yote itaondolewa, naye atarudi kwa Mungu na imani ya mtoto mdogo!"

"Kaeni. Wasomi wa siku zile walisema kwamba mbuni hula chuma. Kila kitabu kilisema hivyo, kwa sababu kitabu cha kabla yake kilisema hivyo. Alberto akafanya..."

"Alimpa mbuni chuma!"

Padre aliinua kichwa. Swali lilikuwa halijamalizika.

"Na mbuni..."

"Alikikataa!"

"Funzo..."

"Tazama kwanza, ndipo useme!"

Walijibu kama maji yanayojua mfereji wake. Hapakuwa na aliyekosea, aliyesita, wala aliyemtazama jirani. Katika miaka yake ya uongozi Padre hakuwahi kuliona darasa lililojua somo namna hiyo, na jambo hilo halikumfurahisha.

Mwalimu aliendelea. Alieleza jinsi Alberto alivyofanywa askofu asitake farasi wala kiti cha kubebwa, akatembelea jimbo lake kwa miguu na viatu vizito, hata watu wakamtania kwa viatu hivyo. Alieleza habari ya mwanafunzi wake mnene na mkimya, ambaye wenzake walimwita ng'ombe bubu, na jinsi Alberto alivyowaambia kwamba mlio wa ng'ombe huyo utasikika duniani kote. Kisha akafika uzeeni kwa mtakatifu.

"Siku moja, akiwa katikati ya kufundisha, kumbukumbu ilimtoka. Alijua kwamba lile aliloambiwa ujanani limetimia. Akashuka kitini, hakurudi tena. Akakaa chumbani mwake akisali. Siku moja askofu mkuu alikwenda kumwona rafiki yake. Akabisha mlango. Akaita, 'Alberto, upo?' Na kutoka ndani sauti ikasema..."

Mwalimu alinyamaza.

Padre alikikumbuka kimya hicho. Tangu zamani Mwalimu alikuwa akinyamaza mahali hapo makusudi, akitazama mlango wa darasa kwa muda wa kuvuta pumzi, ili wanafunzi wasikie baridi mgongoni kabla ya kuambiwa jibu. Lakini kimya cha leo kilipita kipimo chake. Chaki ilibaki hewani. Macho ya Mwalimu yalikuwa mlangoni, lakini hayakuwa yakiigiza kungoja. Yalikuwa yakitafuta.

Ndipo darasa, bila kuulizwa, liliposimama lote.

"Alberto hayupo hapa! Alikuwepo zamani!"

Mwalimu alishtuka kama mtu aliyeguswa bega gizani. Aliwatazama, akatazama chaki, akageuka kuutazama ubao uliojaa mwandiko wake mzuri. Alichukua kifutio, akaufuta wote taratibu, kuanzia juu kushuka chini, kama alivyowafundisha walimu wengi kufuta. Kisha akaandika juu kabisa: ALBERTO MKUU.

"Karibuni," akasema. "Leo tunaanza habari za msimamizi wetu. Alberto alizaliwa katika nyumba ya watu wakubwa."

Wanafunzi waliketi, wakanyoosha migongo, wakasikiliza kama watu wanaosikia kwa mara ya kwanza.

Kengele ilipolia, Padre alimwita kiranja wa darasa nje, chini ya dari ya ubaraza. Kiranja alikuwa fundi cherehani kabla ya kuitwa chuoni, na wenzake walimwita Fundi hata sasa.

"Jambo hili limeanza lini?" Padre aliuliza, na hasira yake haikujificha.

"Muda kidogo, Padre."

"Nanyi mnajibu tu? Mnasimama, mnaketi, kama kasuku? Hakuna hata mmoja wenu aliyeona vyema kuja kuniambia?"

Fundi aliitazama mikono yake. "Padre, tulifundishwa kwamba mwalimu akiuliza, tujibu. Hatukufundishwa akiuliza mara ya pili tufanye nini."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha, Padre. Mwanzoni tulidhani anatupima. Tulisema, mzee huyu anataka tulishike mpaka mifupani. Tukajitahidi. Baadaye tukaelewa. Lakini ukiwa umekwisha kumjibu mtu mara zote hizo, utaanzaje kumnyamazia? Siku moja mwenzetu wa nyuma kule alitaka kucheka. Tulimtazama, akaacha mwenyewe. Ila Padre, kuchoka tumechoka. Mke wangu aliponitembelea aliniambia naongea usingizini habari za mbuni."

Padre alimwacha Fundi hapo akaelekea nyumba ya Mwalimu, iliyokuwa nyuma ya jiko la chuo, na kila hatua ilikuwa nzito kama ya mtu anayebeba kiti alichoagizwa kukirudisha.

Mlangoni mkono wake ulisita. Alijikuta akiogopa kubisha, maana alijua hadithi. Hatimaye akagonga.

"Hodi!"

Ndani kulikuwa kimya. Kisha sauti kavu na safi ikasema, "Nipo. Nipo bado. Ingia."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, amevua koti, na mkewe alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa. Mke huyo, Padre alimwita Mama, kama chuo kizima kilivyomwita. Walisalimiana. Padre alisema shikamoo kwa wote wawili, maana mlango ule ulimrudisha utotoni hata akiwa na kanzu yake.

"Nilikuona leo nyuma ya darasa," Mwalimu alisema. "Umekaa kama ulivyokuwa ukikaa zamani, mguu mmoja nje ya dawati, tayari kukimbia. Nilifika wapi?"

"Mlangoni kwa mtakatifu, Mwalimu."

"Naam, mlangoni." Alitikisa kichwa. "Hapo ndipo nifikapo. Askofu mkuu anabisha, ndani anajibiwa, na mimi silisikii jibu. Nasimama naye upande wa nje. Nimechoka kusimama pale, Padre."

Mama aliendelea kukunja. Padre alianza kusema juu ya majukumu mengi, juu ya umri, juu ya shukrani za chuo, na maneno yakamzunguka kama nzi.

"Nilikufundisha kuzungusha maneno?" Mwalimu alimkatiza.

"Hapana."

"Basi lililokuleta lisimamishe wima."

Padre alivuta pumzi. "Jumapili hutahutubia, Mwalimu. Na kuanzia kesho darasa nampa Sista."

Shati lilisimama mikononi mwa Mama, nusu limekunjwa. Mwalimu aliitazama mikono yake, ambamo chaki ilikuwa imeingia katika mikunjo ya ngozi isitoke tena kwa sabuni.

"Umesema vizuri," akasema mwishowe. "Sauti imetetemeka kidogo mwishoni, lakini umesema vizuri."

Padre alihisi mabega yake yakishuka. Mama alimletea maji, akanywa. Wakaongea habari za paa la bweni. Mwalimu akakumbuka ni nani aliyeliezeka, na jinsi fundi huyo alivyoanguka kutoka juu akamwangukia mpishi, na wote watatu wakacheka. Kisha Mwalimu alilinyoosha koti lake lililoning'inia kitini, akalipangusa kola.

"Sasa, Padre, hiyo Jumapili, Askofu akishaketi nianze mara moja, au kwaya iimbe kwanza?"

Padre alimtazama Mama. Mama hakuinua uso. Hapakuwa na msaada kutoka popote.

"Mwalimu," akasema, "hutahutubia."

Uso wa mzee ukaanguka. Kwamba alikwisha kuambiwa hakukupunguza lolote. Ulianguka wote, na safari hii hapakuwa na sifa yoyote kwa msemaji.

"Kwa nini?" aliuliza. "Nimekosa nini?"

Mama ndiye aliyemsindikiza Padre nje. Alitembea naye hadi kwenye kamba ya nguo, akasimama, akashika kamba hiyo kama mtu anayeshika ukuta.

"Mama, wewe unamjibuje?"

"Namjibu. Huniuliza dada yake yuko wapi. Dada yake tulimzika, nawe ulikuwepo. Nilimwambia ukweli, akalia. Akauliza tena, nikamwambia, akalia upya, kama habari imefika saa ileile. Siku moja nilichoka, nikamwambia amesafiri. Alinitazama, akasema, 'Mke wangu, tangu lini umeanza kunidanganya?' Hakukumbuka kwamba dada yake amekufa, mwanangu, lakini alijua kwamba nadanganya. Tangu siku hiyo nasema ukweli, kisha nakaa naye mpaka amalize kulia."

"Huchoki?"

"Swali gani hilo? Nimechoka mpaka kwenye kucha. Lakini kwake swali ni jipya. Uzee wa swali uko kwangu mimi." Aliiachia kamba. "Nawe usidhani nakulaumu. Ulilosema ni la kweli. Ila umemtoa chaki mkononi, hukumpa kitu kingine cha kushika. Umemwambia hatafanya nini. Hukumwambia atafanya nini."

Padre alirudi ofisini, akaketi mbele ya makaratasi asiyasome. Alifikiri kwamba angeweza kumwambia Mwalimu kuwa Askofu ameahirisha, na kila mtu angepumzika. Alilisukuma wazo hilo mbali, maana darasa la Mwalimu lilikuwa limemfundisha kulisimamisha neno wima. Kupitia dirishani aliwaona wanafunzi wakienda kuchota maji, Fundi akiwa mbele na ndoo mbili. Akawatazama kwa muda. Kisha akatoka, akamwita Fundi kwa mara ya pili siku ile, na safari hii hakuwa na hasira.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Mwalimu alimsubiri Padre nje ya sakristia akiwa na koti lake la kijivu na viatu vinavyong'aa.

"Padre, nianze saa ngapi?"

"Hutahutubia, Mwalimu," Padre alisema. Hakuwa na haraka. Alimshika mkono, akangoja mpaka uso ule uanguke, akakaa nao hapo ulipoanguka. "Leo utasikiliza. Darasa lako ndilo litakalosema."

"Wao? Wataweza?"

"Tazama kwanza, ndipo useme."

Mwalimu alimkodolea macho, kama anayetafuta alikoyasikia maneno hayo. "Haya," akasema. "Lakini wakikosea, usinizuie."

Ukumbi ulijaa. Askofu aliketi mbele, wageni wakamzunguka, na Mwalimu aliwekwa mstari wa kwanza kabisa, Mama akiwa kando yake. Darasa liliketi jukwaani kwenye mabenchi. Padre alisimama mahali pa Mwalimu na kipande cha chaki mkononi, ingawa hapakuwa na ubao, maana bila chaki mkononi hakuna ambaye angejua neno ni la nani.

"Alberto alipokata tamaa akaegemeza ngazi ukutani, nani alimzuia?"

Darasa likasimama. "Mama wa Mungu!"

Ukumbi ukatulia. Padre aliuliza, wakajibu. Ngazi, elimu, onyo, viatu vizito, ng'ombe bubu, yote yalitoka bila doa. Walipofika kwa mbuni, Askofu alicheka kwa sauti, akageuka kumwambia jirani yake jambo. Sista, aliyesimama karibu na mlango, aliinamisha uso, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama anacheka au la. Midomo ya Mwalimu ilikuwa ikitembea pamoja na kila jibu.

"Askofu mkuu alibisha mlango," Padre alisema, "akaita, 'Alberto, upo?' Alijibiwa nini kutoka ndani?"

"Alberto hayupo hapa! Alikuwepo zamani!"

"Na askofu mkuu?"

"Alisema, 'Ni kweli, hayupo.' Akaenda zake akilia!"

Midomo ya Mwalimu ilikuwa imesimama tangu hadithi ilipofika mlangoni kwa mtakatifu. Alimgeukia mkewe, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, lakini iliyofika hadi mstari wa nyuma:

"Hawa wamefundishwa. Hawabahatishi. Nani amewafundisha?"

"Wewe," Mama akasema.

Alimtazama sana. Hakuwa mtu wa kupokea sifa bila kuipima. "Mimi?"

"Wewe, baba."

Mwalimu akawageukia wale waliosimama jukwaani, akawachunguza mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mwandiko wake kwenye ubao wa darasa jingine. Alikunja uso.

"Kama ni mimi," akasema, "mbona wanakimbia hivyo? Jibu linataka pumzi. Mwambie kijana yule mwenye chaki arudie, nao wajibu polepole."

Mtu mmoja kati ya wageni alikohoa. Padre alimtazama Askofu, Askofu akainamisha kichwa kidogo. Basi Padre akaishika chaki vizuri, akawageukia wanafunzi. Hapakuwa na darasa chini ya jua lililolichoka somo lake kama lile. Fundi alijifuta paji la uso kwa kiganja, akanyoosha mgongo, na wenzake wakanyoosha.

"Alberto alizaliwa wapi?" Padre aliuliza.

Darasa likavuta pumzi, likaanza tena, polepole.